Barua ya Wazi kwa Makamu Mkuu wa Chuo: Msiikabidhi Setilaiti Ambayo Programu Yake Haijapimwa

Kwa:
Makamu Mkuu wa Chuo,
na Mwenyekiti wa Kamati ya Mradi wa Setilaiti ya Wanafunzi.

Mheshimiwa Profesa,

YAH: KUKABIDHIWA KWA SETILAITI YA WANAFUNZI KABLA YA PROGRAMU YAKE KUPIMWA

Husika na kichwa cha habari hapo juu.

Naandika hadharani kwa sababu njia za ndani nimezimaliza. Nilianza kwa kumweleza mratibu wa mradi kwa mdomo, kisha kwa maandishi. Baadaye niliiandikia kamati na kuambatanisha matokeo ya majaribio pamoja na vipande vya msimbo, yaani maandishi ya programu, vyenye kasoro. Jibu pekee la maandishi nililolipata linasema hoja zangu "zimepokelewa na zitafanyiwa kazi katika awamu ijayo". Awamu ijayo ipi, Profesa? Setilaiti ikishafungwa ndani ya kasha lake na kukabidhiwa kwa warushaji, hakuna fundi atakayeigusa tena.

Jina la chuo silitaji. Ninyi mnajijua, na vijana walioijenga setilaiti hii bado wako madarasani; sitaki wakienda kutafuta kazi waulizwe habari za barua hii. Nami ni zao la idara hiyo hiyo. Baadhi yenu ni walimu wangu, na mlinikabidhi kikosi cha programu cha mradi huu nilipokuwa mwanafunzi. Leo naandika programu kwa ajira, lakini mradi sijauacha mkono. Sina ugomvi na mtu. Nataka setilaiti iruke, na ikiitwa iitike.

Kwa msomaji aliye nje ya kazi hii, maelezo kidogo. Mwaka 1999, Jordi Puig-Suari wa chuo cha ufundi cha serikali kule California na Bob Twiggs wa Stanford walibuni kipimo cha setilaiti ya kufundishia: mchemraba wa sentimita 10 kila upande, wenye uzito wa kilo moja hivi, ambao wanafunzi wanaweza kuujenga kabla hawajahitimu. Za kwanza zilirushwa tarehe 30 Juni 2003 kutoka Plesetsk, Urusi. Ile ya Chuo Kikuu cha Tokyo, XI-IV, ilifanya kazi miaka mingi kuliko walivyotarajia walioijenga. Nyingine zilizopanda roketi ile ile hazikusikika hata mara moja. Tofauti hiyo ya siku ya kwanza ipo mpaka leo, na ndiyo inayonifanya niandike.

Majirani zetu wameshaingia. Kenya ilikuwa na 1KUNS-PF ya Chuo Kikuu cha Nairobi, iliyoachiwa kutoka Kituo cha Kimataifa cha Anga mwezi Mei 2018, kisha Taifa-1 mwezi Aprili 2023. Rwanda ilikuwa na RWASAT-1 mwaka 2019. Uganda ilirusha PearlAfricaSat-1 mwaka 2022. Na kabla ya hizo zote, tarehe 12 Desemba 1970, setilaiti ya kwanza duniani iliyotengwa kwa ajili ya kuchunguza nyota kwa miale ya eksirei iliruka kutoka jukwaa la San Marco, baharini karibu na Malindi. Kwa kuwa ilikuwa sikukuu ya uhuru wa Kenya, ikapewa jina Uhuru. Kwa hiyo simshangai anayesema zamu yetu imechelewa. Naelewa kwamba kila kikao mnaulizwa "lini na sisi?" Naelewa pia kwamba tarehe ya makabidhiano imeshatajwa mbele ya wakubwa, na tarehe iliyotajwa mbele ya wakubwa ni ngumu kuirudisha nyuma.

Hata hivyo, kuna mambo ambayo siwezi kuyanyamazia.

1. Antena inaweza isifunguke kamwe.

Setilaiti inayoachiwa kutoka Kituo cha Kimataifa cha Anga hutakiwa kukaa kimya dakika 30, antena ikiwa imekunjwa na redio imezimwa, ili isilete madhara karibu na chombo chenye watu ndani. Dakika hizo zikiisha, kompyuta yake hupeleka umeme kwenye waya unaopata moto na kukata uzi wa nailoni ulioifunga antena. Antena inafyatuka, setilaiti inaanza kuita. Hatua hiyo ikishindikana, kamera, vihisi na tasnifu zote zilizopangwa kuandikwa juu yake zimekwenda na maji.

Msimbo wetu unahesabu dakika 30 tangu kompyuta ilipowaka, na hesabu yenyewe inakaa kwenye kumbukumbu inayofutika umeme ukikatika. Sasa chukulieni setilaiti imekaa miezi kadhaa kwenye kasha ikisubiri roketi. Betri imepungua. Imesukumwa nje, inabingirika, na paneli za sola zinaipa umeme wa kubahatisha. Kompyuta inawaka, inavuta umeme, volti zinashuka chini ya kiwango, inazimika. Ikipata nguvu kidogo inawaka tena, na inaanza kuhesabu kutoka sifuri. Hali hiyo ikijirudia, dakika 30 hazitatimia hata siku moja.

Maabara haijawahi kuliona tatizo hili kwa sababu setilaiti imekuwa ikiwashwa kwa umeme wa ukutani, na umeme wa ukutani hauchoki. Nilipoiunganisha na betri iliyopungua, ilifanya hicho hicho nilichokieleza. Matokeo mnayo. Na dawa yake ni mistari michache tu: hesabu iandikwe kila dakika kwenye kumbukumbu isiyofutika, na kompyuta ikiwaka iendelee pale ilipoishia. Njia hiyo haiwezi kuvunja kanuni ya dakika 30, maana muda ambao kompyuta imezimika hauhesabiwi kabisa. Pia antena isipofunguka mara ya kwanza, programu ijaribu tena na tena. Sasa hivi inajaribu mara moja na kusonga mbele kana kwamba mambo yameenda sawa.

Nikiambiwa haya ni ya kufikirika, naitaja KickSat. Ilikuwa kazi ya mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Cornell, Marekani, na iliruka tarehe 18 Aprili 2014 ikiwa imebeba vijisetilaiti 104 vya upana wa sentimita tatu na nusu. Saa yake ya ndani ilipangwa kuviachia tarehe 4 Mei. Tarehe 30 Aprili saa ikajirudisha mwanzo, wahusika wakaushuku mnururisho (miale yenye nguvu) wa huko juu, na siku mpya ya kuachia ikaangukia tarehe 16 Mei. Setilaiti iliingia kwenye angahewa na kuungua tarehe 14 Mei. Vijisetilaiti vyote vilikuwa bado tumboni.

2. Saa ya ndani itajaa siku ya 49.

Programu yetu inapima muda kwa milisekunde, kwenye nafasi ya biti 32. Nafasi hiyo inabeba milisekunde zisizozidi 4,294,967,295, yaani siku 49 na saa 17 hivi. Baada ya hapo namba inarudi sifuri, lakini kazi zote zilizopangwa zitaendelea kungoja muda ambao kwa hesabu ya kompyuta bado uko mbali sana. Ukaguzi wa betri utasimama, na mlio wa utambulisho utasimama. Kibaya zaidi, kile kisakiti cha ulinzi kinachotakiwa kuiwasha upya kompyuta ikizubaa hakitashtuka, kwa sababu mzunguko mkuu wa programu utaendelea kukipa ishara kwamba hali ni shwari.

Nilipoeleza haya nilijibiwa kwamba siku 49 zikifika tutakuwa tumeshapata tulichokuwa tunakitaka. Ningeomba kamati iwaeleze wafadhili sentensi hiyo kwa maandishi.

Kasoro hii ina ukoo mrefu. Mwaka 2015 mamlaka ya usafiri wa anga ya Marekani iliagiza ndege za Boeing 787 ziwe zinazimwa umeme mara kwa mara, kwa sababu vidhibiti vya jenereta zake vikikaa vimewashwa siku 248 mfululizo, hesabu yao ya ndani ingejaa na umeme ungekatika. Kabla ya hapo, tarehe 4 Juni 1996, roketi ya Ariane 5 ilijiharibu sekunde zisizofika 40 tangu injini kuwashwa, baada ya programu kujaribu kuingiza namba ya biti 64 kwenye nafasi ya biti 16. Kompyuta ya akiba ilikuwa na programu ile ile, nayo ikaanguka kwa namna ile ile. Na programu hiyo haikuwa mbovu ilikotoka: iliandikwa kwa ajili ya Ariane 4, ambayo mwendo wake haukufikisha namba hiyo mahali pa kujaa.

Hapo ndipo nawaomba msome polepole. Sehemu kubwa ya msimbo wetu imenakiliwa kutoka mradi wa puto la hali ya hewa wa wanafunzi waliotutangulia. Puto liliruka kwa saa chache na kutua. Programu ile haikuwa na sababu yoyote ya kujali siku ya 49.

3. Setilaiti itamtii yeyote.

Amri zinazotumwa kutoka kituo cha ardhini hazina uthibitisho wa mtumaji. Anayejua masafa na muundo wa ujumbe ataweza kuizima kamera, kubadili mipangilio ya betri, hata kuandika upya kumbukumbu ya kompyuta. Na muundo wa ujumbe si siri: umo kwenye tasnifu ya mhitimu wetu, rafu ya maktaba, kila mtu anaruhusiwa kuisoma.

Mwaka 2023 watafiti wa Chuo Kikuu cha Ruhr kilichoko Bochum, Ujerumani, na wenzao walichapisha uchambuzi wa programu za setilaiti tatu za kweli: ESTCube-1 ya wanafunzi wa Estonia, Flying Laptop ya Chuo Kikuu cha Stuttgart, na OPS-SAT ya Shirika la Anga la Ulaya. Hawakukisia. Walizisoma programu zenyewe na kukuta milango iliyo wazi, ikiwemo amri zinazopokelewa bila kuuliza zimetoka kwa nani. Kwa muda mrefu wajenzi waliegemea imani kwamba vituo vya ardhini ni ghali na watu wachache tu wanavyo. Imani hiyo imepitwa na wakati; leo redio ya kompyuta na antena ya kujitengenezea zinapatikana kwa fedha ambayo mwanafunzi anaweza kuichanga.

"Nani atataka kuiteka setilaiti ya wanafunzi?" niliulizwa. Mwanafunzi mwingine, Profesa. Kwa utundu tu.

Yuko atakayesema kanuni za redio za ridhaa, yaani za wapenzi wa redio wasiofanya biashara, haziruhusu ujumbe kufichwa. Ni kweli kwa mazungumzo ya kawaida, lakini Kanuni za Redio za Umoja wa Kimataifa wa Mawasiliano zimeziondoa kwenye katazo hilo amri za kuongozea setilaiti. Isitoshe, hatuhitaji kuficha chochote. Tunahitaji sahihi fupi mwishoni mwa kila amri, na namba ya mfululizo ili amri ya jana isirudiwe leo na mtu aliyeirekodi. Kanuni hizo hizo zinataka kila chombo kiweze kunyamazishwa redio yake mara moja kwa amri kutoka ardhini. Chombo ambacho mgeni anaweza kukibadilishia mipangilio tukashindwa kukinyamazisha ni mzigo wa nchi, kwa kuwa Mkataba wa Anga za Juu wa 1967 unaiwajibisha dola, hata kama aliyekijenga ni mwanafunzi wa mwaka wa tatu.

4. Setilaiti haijawahi kuishi kama setilaiti.

Vijana wa umbo na umeme wanastahili sifa. Chombo kimetikiswa, kimepashwa joto, kimepozwa, kimewekwa kwenye chumba cha ombwe, na kila kipimo kina fomu yenye sahihi. Programu haina fomu. Haijawahi kuachwa siku moja nzima ikitumia betri yake, paneli zake na redio yake, bila waya wa kompyuta ya mezani, huku kituo cha ardhini kikiisikia kwa dakika chache tu kama itakavyokuwa ikiwa angani.

Michael Swartwout wa Chuo Kikuu cha Saint Louis, Marekani, amekusanya kumbukumbu za setilaiti ndogo kwa miaka mingi, na mwaka 2013 alichapisha uchambuzi wa mia moja za kwanza. Za vyuo zilishindwa kwa wingi kuliko za viwanda, na nyingi katika hizo zilinyamaza tangu mwanzo. Anachokitilia mkazo ni hiki hasa: vyuo vinaishiwa muda, na kinachokatwa ni majaribio ya chombo kizima kikifanya kazi kama kitakavyofanya angani. Sina la kuongeza hapo. Anatuelezea sisi.

Jaribio refu hukamata ambayo jaribio fupi haliyaoni. Mwezi Mei 2015 chombo cha LightSail kilinyamaza siku mbili baada ya kurushwa, kwa sababu faili la kumbukumbu lililokuwa likiongezeka kila mara kilipotuma taarifa lilizidi megabaiti 32 na kuigandisha kompyuta. Mtengenezaji wa mfumo alikuwa ameshairekebisha kasoro hiyo kwenye matoleo ya baadaye. Chombo kiliruka na toleo la zamani. Waliokijenga walibaki kusubiri chembe ya mnururisho iigonge kompyuta na kuiwasha upya, na baada ya siku nane ikatokea. Walikuwa na bahati. Bahati haiwekwi kwenye bajeti.

5. Hakuna anayejua ni toleo lipi litakaloruka.

Msimbo uko kwenye kompyuta za wanafunzi na kwenye flashi. Nimeona faili lililoitwa "mwisho", jingine "mwisho kabisa", na jingine "mwisho kabisa 2". Kilichomo ndani ya setilaiti sasa hivi hakifanani na chochote kati ya hivyo. Kulirekebisha hili hakuhitaji fedha wala kikao.

6. Upimaji wa programu unakataliwa kuwa utafiti.

Hili ndilo linaloniuma kuliko yote, kwa kuwa hayo mengine yamezaliwa humo. Mwanafunzi wa shahada ya uzamili aliomba kufanya tasnifu yake juu ya kuthibitisha programu ya setilaiti yetu. Akaambiwa hiyo ni kazi ya fundi, haina jipya, atafute mada ya picha au ya mimea. Akabadili mada. Kwa hiyo idara ina maandiko juu ya picha ambazo setilaiti itapiga, na haina hata andiko moja juu ya iwapo setilaiti itawaka.

Tazameni walichofanya wengine kwa mada hiyo hiyo iliyokataliwa. Chuo cha ufundi cha Vermont, Marekani, hakikuwa Stanford. Kilikuwa chuo kidogo cha jimbo dogo, kabla ya kuunganishwa na vingine mwaka 2023. Chini ya walimu wao Carl Brandon na Peter Chapin, wanafunzi wa pale waliandika programu ya setilaiti yao ya sentimita 10 kwa lugha ya SPARK, tawi la lugha ya Ada, ambayo huja na zana za kuthibitisha kihesabu, kabla programu haijaendeshwa, kwamba hakuna namba itakayojaa, hakuna kugawanya kwa sifuri, hakuna kuandika nje ya mipaka ya kumbukumbu. Setilaiti iliruka kutoka Wallops, Virginia, tarehe 19 Novemba 2013, pamoja na setilaiti nyingine za vyuo, baadhi za vyuo vyenye majina makubwa kuliko lao. Nyingi kati ya hizo hazikusikika. Yao ilifanya kazi miaka miwili, hadi ilipoanguka na kuungua mwezi Novemba 2015, na ikawapa maandiko ya kitaaluma yanayosomwa mpaka leo. Na wale wa Bochum walioyasoma makosa ya setilaiti za wengine waliiwasilisha kazi yao kwenye mojawapo ya mikutano mikubwa kabisa ya usalama wa kompyuta duniani. Kwetu mada hiyo haikupita hata kwenye kikao cha idara.

Najua majibu mengine yanayoandaliwa, kwa hiyo niyapitie.

Mtasema huu ni mradi wa kujifunzia, na kushindwa ni sehemu ya kujifunza. Nakubali, ikiwa aliyeshindwa anajua kwa nini. Setilaiti iliyonyamaza tangu sekunde ya kwanza haimfundishi mtu kitu. Haina sanduku jeusi la kwenda kuliokota. Kijana atabaki kukisia kama ni betri, antena au msimbo, kisha atahitimu.

Mtasema fedha hakuna. Zana za SPARK zina toleo la bure. Kama mnataka kubaki na lugha ya C, sawa, haina ubaya wa lazima: zipo kanuni kumi alizoziandika Gerard Holzmann wa JPL, maabara ya shirika la anga la Marekani, NASA, mwaka 2006, fupi kiasi cha kubandikwa ukutani. Kila kitanzi (sehemu ya msimbo inayojirudia) kiwe na kikomo kinachojulikana, kumbukumbu isiombwe upya programu ikishaanza kazi, kompaila, ile programu inayougeuza msimbo kuwa lugha ya kompyuta, iwashiwe maonyo yote na maonyo yote yashughulikiwe. Msimbo wetu ukikompailiwa hivyo unatoa maonyo ya kujaza kurasa. Fedha iliyotengwa kwa mahema, fulana na bendi ya siku ya makabidhiano ingetosha kuwalipa posho watu wawili wa kuusoma msimbo mstari kwa mstari, na chenji ingebaki.

Mtasema kompyuta na redio tumenunua nje, kwa muuzaji ambaye vifaa vyake vimeshafika angani. Vifaa ndiyo. Programu inayoviongoza tumeiandika sisi.

Mtasema kasoro zitarekebishwa setilaiti ikiwa juu. Ikiwa antena imefunguka, labda. Lakini setilaiti ya kimo hicho hupita juu yetu mara chache kwa siku, na kila mara tunaisikia dakika zisizozidi kumi hivi. Kwa redio yetu ya biti 1,200 kwa sekunde, dakika kumi kamili zisizo na kelele wala marudio hazipitishi zaidi ya kilobaiti 90. Fanyeni hesabu ya programu nzima, mkijumlisha pasi (yaani mipito hiyo ya juu yetu) zitakazoharibika. Kisha jiulizeni nani atathubutu kubadilisha programu ya chombo kwa njia ambayo haijawahi kujaribiwa hata mezani, kwa maana hiyo nayo haijajaribiwa.

Mtasema tarehe imepangwa. Hapo sina hoja ya kihandisi, isipokuwa kukumbusha kwamba nafasi za kurushwa huja tena, na warushaji wamezoea vyuo vinavyoomba kusogezwa. Wanachokumbana nacho mara chache ni chuo kilichoomba kusogezwa kwa sababu kimeisoma programu yake.

Kwa hiyo naomba yafuatayo, Mheshimiwa Profesa:

(a) Hati ya makabidhiano isitiwe sahihi hadi kasoro za hoja ya 1, ya 2 na ya 3 ziwe zimerekebishwa, na marekebisho yaonyeshwe mbele ya kamati kwa betri iliyopungua na saa iliyosogezwa hadi karibu na kujaa.

(b) Setilaiti iendeshwe siku saba mfululizo bila waya wowote, ikiongozwa kwa redio pekee na kwa ratiba ya pasi za kweli. Ikianguka, siku saba zianze upya. Mwanafunzi ambaye hakuandika msimbo ndiye awe na mamlaka ya kusema imefaulu au imeanguka.

(c) Msimbo wote uwekwe mahali pamoja penye historia ya mabadiliko, na toleo litakaloruka lipewe namba inayotangazwa na setilaiti yenyewe kwenye mlio wake.

(d) Msimbo usomwe na watu wawili wasio wa mradi. Idara ya sayansi ya kompyuta iko jengo la pili kutoka maabara ya setilaiti, na mpaka leo haijaalikwa.

(e) Bodi ya uzamili itamke kwa maandishi kwamba uthibitishaji wa programu ni mada halali ya tasnifu, na yule mwanafunzi aulizwe kama bado anaitaka mada yake.

(f) Taarifa ya majaribio ichapishwe, pamoja na yaliyoshindikana, ili chuo kitakachofuata katika ukanda huu kisianzie pale pale tulipoanzia sisi.

Haya yote hayazidi wiki chache za kazi. Vijana wako tayari. Nimeongea nao, ingawa hawatasema mbele yenu kwa sababu mnazojua. Nami niko tayari kukaa maabara jioni na siku za mapumziko bila malipo, na kuikabidhi kamati kila jaribio nililolifanya. Kama kamati inaona nimekosea katika hoja yoyote, naomba nionyeshwe mstari wa msimbo unaonikanusha, nami nitaiondoa hoja hiyo hadharani kama nilivyoiweka.

Naomba majibu ya maandishi kabla ya siku ya kutia sahihi.

Wako katika ujenzi wa taifa,

Mhandisi wa programu, aliyekuwa kiongozi wa kikosi cha programu cha mradi

Nakala:
Mkuu wa Idara
Bodi ya Masomo ya Uzamili
Wanafunzi wote wa mradi